Jibu: Pasi ya chuma yenye ncha mbili, haina mpini

Mkuu, umeuliza kama hiyo pasi uliyonunua mnadani huko Marekani, yenye ncha mbele na nyuma na isiyo na mpini, imevunjika. Haijavunjika, iliundwa hivyo.

Huo ni muundo wa Mary Florence Potts wa Ottumwa, Iowa, aliyepata hataza yake (haki ya kisheria ya mvumbuzi) mwaka 1871. Kabla ya hapo pasi nyingi zilikuwa bonge la chuma na mpini wake wa chuma. Ukiibandika jikoni, mpini nao unapata moto, unalazimika kuushika kwa kitambaa kinene. Mama huyu akautenganisha: mpini wa mbao unachomoka, vyuma vinabaki jikoni. Seti ya kawaida ilikuwa na vyuma 3, mpini 1 na kikalio cha kuwekea pasi. Kimoja kikipoa unakirudisha jikoni, unanasa kingine, kazi haisimami. Zile ncha mbili zinakuwezesha kunyoosha ukienda na ukirudi bila kuigeuza pasi. Kwangu mimi ni akili kubwa kuliko pasi ya mkaa, ambayo cheche moja tu inatoboa shati jeupe.

Iangalie juu, katikati: kuna kishimo chenye kijiti cha chuma, ndipo mpini ulipokuwa unanasa. Ukikuta jina la Potts, lisikufanye uamini ni ya 1871, maana ziliendelea kutengenezwa miaka mingi.

Kutu isugue taratibu kwa brashi, kisha ipake mafuta kidogo. Tafadhali usiitie msasa wa mashine, utafuta maandishi.