Lehrer au Lehrerin kwenye CV ya Kijerumani?

Dada uliyeuliza "teacher" uiandikeje: andika Lehrerin. Kiingereza, kama Kiswahili na "mwalimu" wetu, hakisemi ni mwanamke au mwanamume. Kijerumani kinasema, na mwanamke akiandika Lehrer msomaji anaweza kudhani ni mwanamume.

Kwa kawaida unaongeza -in kwenye umbo la kiume. Neno likiishia na -e, iondoe kwanza: Kollege (mwenzako kazini), Kollegin. Wengi hukosea kwenye maneno mafupi yanayobadili irabu ya ndani, maana zile nukta mbili si pambo: Arzt (daktari) huwa Ärztin, Koch (mpishi) huwa Köchin. Wingi unadai n mbili, Lehrerinnen. Yenye -mann huchukua -frau: Kaufmann (mfanyabiashara), Kauffrau.

Manesi, hapa muwe makini. Krankenschwester ni jina la zamani. Tangu 2020 mafunzo yanatoa cheo cha Pflegefachfrau, au Pflegefachmann kwa mwanamume. Cheo hicho kinalindwa na sheria, kwa hiyo usijiite hivyo kabla cheti chako cha nyumbani hakijatambuliwa Ujerumani. Eleza tu ulisomea nini na wapi.

Kiingereza husema "I am a teacher", lakini Kijerumani ni "Ich bin Lehrerin", bila eine (ile "a" ya Kiingereza) katikati.

Na zile herufi m/w/d kwenye matangazo ya kazi zina maana ya mwanamume, mwanamke au jinsia nyingine. Ni za mwajiri, usizinakili kwenye CV.