Udongo wa buli la Yixing: acha kuuliza umetoka mlima gani

Kila muuza zisha, yaani udongo wa mabuli ya Yixing, atakwambia udongo wake umetoka mlima Huanglongshan. Ukimbana atakuonyesha picha ya shimo, au jiwe aliloliweka kabatini kama kito, au atakuapia tu. Mlima wenyewe ni mdogo. Upo Dingshu, kusini mwa Yixing mkoani Jiangsu, China, na uchimbaji wake ulisitishwa rasmi katikati ya miaka ya 2000. Kinachouzwa leo kwa jina hilo ni akiba ya mawe yaliyolundikwa kabla ya hapo, pamoja na mawe yanayofukuliwa watu wanapochimba misingi ya majengo, na mengine ya vilima jirani. Katika hayo yamo mazuri sana. Ila huwezi kuyatofautisha kwa kuambiwa.

Nilipokuwa nasoma mjini Wuxi nilizoea kupanda basi kwenda Dingshu mwishoni mwa wiki, na baada ya muda nikabadili swali langu la kwanza dukani. Siulizi umetoka wapi. Nasema: laoban (yaani mwenye duka), nionyeshe kipande cha udongo huu kilichokwisha kuchomwa, uniambie ulikichoma nyuzi ngapi na ulisinyaa kiasi gani. Anayeujua udongo wake ana vipande hivyo kwenye droo, na nyuma kaviandika joto la tanuri. Asiyekuwa navyo huanza kukusimulia habari za babu yake.

Kwanza elewa kwamba zisha huanza kama mwamba, si tope la mtoni. Jiwe huchimbwa, huachwa nje lipigwe na jua, mvua na baridi kwa miezi au miaka mpaka limeguke lenyewe, kisha husagwa, huchekechwa, huchanganywa na maji na kuwekwa lilale. Baada ya hapo hupondwa kwa nyundo ya mbao. Ukifika dukani utakuta vyote viwili, mawe ghafi na udongo uliokwisha kukandwa ukiwa umefungwa kwenye nailoni. Kama huna kinu wala chekecheo, achana na mawe hata yakikupendeza vipi.

Sababu nyingine ya kuyaacha ni kwamba rangi ya jiwe hudanganya. Benshan lüni, aina mojawapo ya zisha, ni ya kijani ikiwa mbichi, lakini ikitoka motoni inakuwa ya manjano hafifu au rangi ya mchanga. Zhuni, aina nyingine, nayo huanza na umanjano, moto ndio unaoifanya nyekundu. Kwa hiyo ukiona buli la kijani kibichi au la buluu, jua kuna oksidi ya metali iliyotiwa kuupa rangi, mara nyingi kobalti. Weusi mzito mara nyingi ni manganizi. Mwaka 2010 televisheni ya taifa ya China, CCTV, ilirusha kipindi kilichoonyesha udongo wa kawaida ukitiwa rangi na kuuzwa kwa jina la zisha, na hofu iliyotokea bado haijaisha. Mimi sioni oksidi kuwa dhambi yenyewe. Mabuli ya kijani yalitengenezwa hivyo tangu enzi za Jamhuri ya China, kabla ya 1949. Dhambi ni kuificha, hasa kwa chombo cha kunywea.

Sasa kipimo. Nunua kilo moja tu. Buli la mililita 150 halimalizi hata nusu yake. Tandaza kipande, chora juu yake mstari wa sentimita 10 ukiwa mbichi, kiache kikauke taratibu, kisha ukichome. Mstari ukitoka na sentimita 9, umesinyaa asilimia 10, na hiyo ndiyo tabia ya kawaida ya zini, udongo wa rangi ya zambarau. Zhuni halisi husinyaa zaidi sana, inaweza kupita asilimia 20, ndiyo maana mabuli yake huwa madogo na mengi hupasuka au kupinda tanurini. Mtu akikuuzia "zhuni" isiyosinyaa, amekuuzia kitu kingine. Choma vipande vitatu kwa joto tofauti kati ya nyuzi 1,100 na 1,200 za Selsiasi, uone wapi unakomaa na wapi unaanza kutoa malengelenge.

Kabla ya moto, mikono yako pia ina la kusema. Buli la Yixing la jadi halifinyangwi kwenye gurudumu. Bapa la udongo hupigwa kwa nyundo, hukatwa, huzungushwa kuwa mwili na kupigwapigwa kwa ubao mpaka tumbo litokee. Udongo unaofaa hupigwa bila kunata kwenye ubao, hukatika safi, na ukiukwaruza kwa kisu utaona chembechembe. Ukiwa laini kama unga wa ngano uliokandwa, huenda umesagwa kwa ajili ya gurudumu au kumiminwa kwenye kalibu, na huo wa kumimina kwa kawaida hutiwa silikati ya sodiamu ili utiririke.

Kama lengo lako ni buli zuri la chai na si jina, fikiria pia udongo mwekundu wa Chaozhou mkoani Guangdong. Wenyewe huufinyanga kwa gurudumu, na mabuli yake ndiyo wanayonywea chai yao ya Dancong. Qinzhou kule Guangxi na Jianshui kule Yunnan nako wana udongo wao wenye heshima. Jina likiwa dogo, uongo nao hupungua.

Ukishapata fungu lililofaulu, rudi haraka ununue la kukutosha kutoka fungu hilohilo, maana litakalofuata litakuwa mchanganyiko mwingine hata kama lebo haijabadilika. Lifunge nailoni mbili, liweke kivulini, uandike juu tarehe, joto na kiwango cha kusinyaa. Kila baada ya miezi michache lifungue ulinyunyizie maji.