Usikariri maana tu, angalia na kazi ya neno

Nafundisha tuisheni ya Kiingereza hapa Mwanga, Kigoma mjini, wengi ni madogo wa kidato cha pili na cha nne, wengine watu wazima wanaojiandaa na usaili. Kitu kinachoniuma ni yale madaftari yaliyojaa maneno, upande huu ung'eng'e upande huu Kiswahili, dogo kakesha anakariri advice ni ushauri, halafu ukimwambia atunge sentensi anaandika "He adviced me". Maana anaijua kabisa, ila hakuna aliyemwambia neno hilo ni la kazi gani.

Kiswahili kinatusaidia sana hapo, ukisikia kushauri unajua ni kitenzi, ukisikia ushauri unajua ni nomino, neno lenyewe linajitangaza. Kiingereza mara nyingi kinakaa kimya. Water ni maji na ni kumwagilia pia, book ni kitabu na ni kuweka nafasi, mfano kwenye treni, herufi zilezile! Sasa utajuaje? Angalia majirani zake kwenye sentensi, ukikuta a, the au my kabla yake tegemea nomino, ukikuta can, will au must basi kitenzi kinakuja.

Tukirudi kwa advice, hiyo yenye c ni nomino na mwisho unatamka s, yenye s yaani advise ni kitenzi na unatamka z, kwahiyo soma kwa sauti jamani, sikio linashika haraka kuliko macho. Na usiandike advices, haihesabiki. Practice na practise nazo zinagawana hivyohivyo kwa Waingereza ila matamshi ni yaleyale, Wamarekani wao wanaandika practice kote. Mimi nashauri ushike ya Uingereza maana ndiyo tunayofundishiwa shuleni.

Affect na effect zinasumbua hata wasomi. Mvua ikiharibu barabara ya Kasulu, the rain affected the road, hapo ni kitenzi. Yale matokeo yake sasa ndiyo the effect of the rain. Shika hivyo kwanza, matumizi mengine utakutana nayo mbele ya safari.

Kuna na borrow na lend. Sisi mtaani tunasema "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu", kuazima hukohuko kwa anayetoa na anayepokea, ndo maana watu wanasema "borrow me your pen". Anayepokea ana-borrow, anayetoa ana-lend, basi sema "lend me your pen".

Kwenye daftari lako kila neno liandikie sentensi yako mwenyewe, ya maisha yako, sokoni, ziwani, popote. Ukifungua kamusi usikimbilie maana, anza na ile n (noun, yaani nomino) au v (verb, yaani kitenzi) ndogo iliyo pembeni ya neno, na ukizikuta zote mbili andika sentensi mbili.