Taa saa 14 ni nyingi mno

Ndugu, umesema tangi lako la samaki na mimea ya majini (akwariamu) ni la lita 60, taa inawaka saa 14 kwa siku, vioo vimeota mwani na majani ya chini yanageuka njano. Anza na taa. Iwake saa 6 tu, tuseme saa 10 alasiri hadi saa 4 usiku ili nawe uifaidi ukirudi kazini. Nunua swichi ya saa, maana binadamu husahau. Na lisogeze tangi mbali na dirisha.

Majani ya zamani yakiwa njano, mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni. Yakipauka machanga, shuku chuma. Badilisha theluthi moja ya maji kila wiki, kisha tia mbolea ya maji ya akwariamu, nusu ya kipimo cha kwenye chupa. Vallisneria, ile mimea ya majani marefu kama utepe, hula zaidi kwa mizizi, zifukie vidonge vya mbolea changaraweni. Anubias, mmea wa majani magumu, usiifukie shina, itaoza. Ifunge kwenye jiwe.

Ile mbolea ya yurea ya shambani uliyoiulizia, hapana kabisa! Hugeuka amonia, utaamka samaki wanaelea. Ukishaanza haya, subiri wiki tatu kabla hujagusa kitu kingine.