Maswali ya Wasomaji: Sofa Kitanda kwa Sebule Ndogo

Barua za sofa kitanda zimekuwa nyingi kuliko za kitu kingine chochote cha nyumbani, na karibu zote zinauliza rangi na muundo kwanza. Majibu yetu yanaanzia kwingine: wapi mtu atalala, na nini kiko chini ya kitambaa. Barua tumezifupisha.

Shikamooni wahariri. Tumepanga ghorofa ya tatu Sinza, vyumba viwili, kimoja cha watoto. Sebule ni mita 3 kwa 3.3, na meza ya televisheni imekula sentimita 40. Mama mkwe huja na kukaa wiki tatu, na magoti yanamsumbua. Nataka sofa inayopendeza, isiwe dude linalojaza nyumba. Nichukue aina gani? (Mama wa wawili, Dar es Salaam)

Marahaba, dada. Sokoni kuna aina kuu tatu, na hesabu ya sakafu yako inaondoa moja papo hapo.

Ile ya chuma kinachokunjuka mara tatu, yenye kigodoro chembamba tumboni, hufunguka kuelekea mbele. Kutoka ukutani hadi miguuni mwa mgeni huwa kama sentimita 220. Toa hizo na 40 za meza kwenye mita 3 zako, unabaki na 40. Mtoto akitaka maji usiku itabidi apite juu ya bibi yake. Iache.

Ya pili ni ile ya kulaza mgongo: unainua kiti mpaka kilie "ta!", kisha mgongo unashuka na kulala sawa na kiti. Ni nyepesi na bei yake ni nafuu, lakini kitanda chake huwa na upana wa sentimita 110 hadi 120 tu, na nyingi lazima uzisogeze mbali na ukuta kila unapozilaza. Isitoshe huwa fupi kwenda juu, wakati mwingine sentimita 38, na hapo ndipo magoti ya mama yatalalamika.

Kwako tunashauri ya tatu, ya kuvuta. Chini ya kiti kuna fremu yenye magurudumu. Unaivuta kama droo, kisha unapanga godoro lake juu. Mtu hulala kufuata urefu wa sofa, kwa hiyo sofa yenye kina cha sentimita 90 inageuka kitanda cha upana wa 145 hivi. Fanya hesabu tena: 300 toa 40 toa 145, zinabaki 115 za kupita. Mwambie muuzaji au fundi kwamba sehemu inayovutwa, ikiwa na godoro juu yake, iwe sawa kwa kimo na kiti, yaani sentimita 45 kutoka sakafuni. Nyingine hushuka hadi 30, na mtu mwenye magoti mabovu hainuki hapo bila kushikwa mkono.

Sasa uzuri, ambao kwenye chumba kidogo unategemea sana mikono ya sofa. Kwa kuwa mtu analala kati ya mikono miwili, nafasi ya ndani isipungue sentimita 190. Mikono minene ya sentimita 25 kila mmoja inafanya sofa nzima iwe 240. Mikono myembamba ya 10 inaifanya iwe 210. Kwenye ukuta wa 330, tofauti hiyo ndiyo inayokupa pembe ya taa ya kusimama au ua. Ongeza miguu inayoonekana, ya sentimita 10 au 12, ili sakafu ionekane ikiendelea chini ya sofa na fagio lipite. Rangi iwe moja isiyo na maua, ya kati: kijivu cha joto, kijani cha majani makavu, au udongo. Maua weka kwenye foronya za mito, ambazo ukichoka nazo unabadilisha bila kumwita fundi.

Kabla hujalipa, tandika magazeti sakafuni kwa kipimo cha kitanda kikiwa wazi, uyaache siku nzima, muishi nayo. Kisha pima mlango. Mlango wa sentimita 80 ukifunguliwa huacha uwazi wa 75 hivi, kwa sababu bamba lenyewe na kitasa vinakula nafasi. Sofa yenye kimo cha 85 na kina cha 90 haipiti hapo, na kwenye kona ya ngazi za ghorofa ya tatu ndiyo kabisa. Dai mgongo na miguu vifungwe kwa bolti, vitoke na kurudishwa.

Na kama mtampa mama chumba chenu, ninyi mkahamia sebuleni, kama wafanyavyo wengi kwa heshima ya mkwe, vipimo ni hivyo hivyo. Sentimita 145 zinawatosha wawili wanaopendana.

Habari zenu. Niko Tudor, Mombasa, kwa bedsita. Nalala juu ya sofa ya kulaza mgongo kila siku, mwaka wa pili sasa. Mgongo unaniuma, na leza imeanza kubanduka pale kichwa kinapokaa. Je, niibadilishe sponji au niiuze? (Msomaji, Mombasa)

Ndugu yetu, una matatizo mawili yasiyohusiana, na moja halina dawa.

La leza ndilo lisilo na dawa. Sehemu kubwa ya hizo zinazoitwa leza ni kitambaa kilichopakwa utando wa plastiki laini. Unyevu wa pwani, joto, jasho na mafuta ya nywele huuvunja utando huo polepole, ukaanza kuchunika vipande vidogo vinavyonata shingoni. Huanzia kwenye kichwa na mikono kwa sababu ndipo ngozi ya mtu inapogusa. Gundi na rangi za kupaka hudumu muda mfupi tu. Ishonee foronya nzima ya kitambaa kizito cha kufumwa, yenye zipu, unayoweza kuivua na kuifua.

Kuhusu mgongo, chukua mpini wa ufagio ulionyooka, uulaze kukatiza kitanda kikiwa wazi. Tazama nafasi chini yake. Ikizidi sentimita 3 pale kiuno chako kinapokaa, sponji imelala au mikanda iliyo chini yake imelegea. Lingine ni mfereji. Sofa ya aina hii huunganisha kiti na mgongo katikati, kwa urefu, na kiungo hicho ndicho mfereji wenyewe. Wawili wakilala, kila mmoja yuko upande wake. Wewe uko peke yako, na kwa upana wa 110 unajikuta uti wa mgongo uko juu ya mfereji usiku kucha. Kigodoro cha juu cha inchi 2 kinaufunika mfereji, lakini hakiondoi bonde.

Ukiamua kubadilisha sponji, usidanganywe na kidole. Ugumu na uzito ni vitu viwili tofauti: sponji nyepesi inaweza kutengenezwa iwe ngumu, ikakupendeza dukani, na ikalala ndani ya miezi michache. Kinachoamua umri wake ni densiti, yaani kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo. Ya kukalia na kulalia kila siku iwe 30 hadi 35. Muuzaji hana karatasi? Omba mizani. Kipande cha sentimita 60 kwa 60, unene 12.5, kina ujazo wa mita 0.045. Cha densiti 32 kitakuwa na kilo 1.4 na ushei. Cha densiti 18 hakifiki hata kilo 0.9. Ila kikunje na ukisugue juu ya kitambaa cheusi kwanza, maana zipo zinazoongezewa unga wa chokaa ili zivute mizani. Zikitoa vumbi jeupe, rudisha.

Lakini tuseme ukweli: kwa mtu anayelala hapo kila usiku, kufungua na kufunga kila siku ni kuichosha komeo ile inayolia "ta", na ikishalika meno mgongo huanguka ukiwa umeegemea. Kwa fedha hiyo hiyo tungenunua kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita, chenye droo chini, tukakisukuma ubavuni mwa ukuta na kukipanga mito mitatu mikubwa ya mgongoni. Mchana ni kochi, na godoro ni la kweli.

Nataka kumpa kazi fundi wa Keko badala ya kununua ya dukani. Nimwambie nini ili asinichezee? (B., Temeke)

Mwambie jambo moja kabla ya mengine yote: utakuja kuiona fremu tupu kabla hajaifunika. Fundi mzuri hatakasirika. Kitambaa kikishapigwa pini, kila kasoro imezikwa.

Siku hiyo angalia mbao. Mninga na mkongo ni nzuri lakini si lazima kwa sehemu isiyoonekana. Paini iliyokauka vizuri na kupakwa dawa ya wadudu inatosha. Shida ni mbao mbichi. Ni nzito kupita ukubwa wake, ni baridi ukiigusa, na msumari ukiingia hutoa unyevu pembeni. Itakauka ikiwa nyumbani kwako, itasinyaa na kupinda, halafu kila kiungo kitalegea. Chipbodi usiikubali popote pale skrubu inapobeba uzito: unyevu ukiingia huvimba, na tundu la skrubu linakuwa unga.

Viungo viwe na gundi na skrubu, na kipande cha mbao cha pembetatu kwenye kila kona. Misumari mitupu haifai kwa kitu kinachovutwa na kurudishwa. Vyuma vya kufungulia vifungwe kwa bolti inayopenya mbao mpaka upande wa pili, na washa, yaani kile kiduara bapa cha chuma, pande zote.

Kisha chaga. Kati ya chaga na chaga pasizidi sentimita 7, vinginevyo sponji inazama kwenye mianya. Unene uwe sentimita 2, na katikati ya fremu inayovutwa pawe na mguu wa ziada unaogusa sakafu. Huo mguu ndio mafundi wengi huuacha, na ndiyo sababu chaga za katikati huvunjika kwanza.

Fungua na ufunge mara ishirini mbele yake. Watu wazima wawili wakae kwenye ukingo wa mbele kitanda kikiwa wazi. Upande wa nyuma usiinuke hata kidogo. Malipo yagawe: fungu la vifaa mwanzoni, fungu la pili ukiridhika na fremu, la mwisho sofa ikishaingia ndani ya mlango wako.

Chandarua nakifunga wapi sebuleni? Pangaboi liko katikati kabisa. (Msomaji, Tanga)

Kosa la kawaida ni kutundika ndoano juu ya sofa ikiwa imefungwa. Ndoano hukaa juu ya katikati ya kitanda kikiwa wazi. Mapanga mengi hufika sentimita 70 kutoka katikati, kwa hiyo ndoano iwe mbali na kitovu cha pangaboi mita 1 au zaidi. Chumba kikiwa cha mita 3 mara nyingi haiwezekani, na chandarua kikivutwa na panga ni hatari. Nunua cha hema, kinachojifungua chenyewe na kuwekwa juu ya godoro. Ukipata nafasi ya ndoano, kumbuka kwamba sofa ya kulaza mgongo haina godoro la kuchomekea: chandarua kiwe kirefu, kilale sakafuni pande zote.

Sofa za mtumba zina kunguni? (Msomaji)

Baadhi zinao. Igeuze sofa juu chini, bandua pembe ya kile kitambaa chepesi cha chini na umulike viungo vya mbao. Pitisha kadi ngumu kwenye mishono. Vitone vyeusi kama vya wino, magamba ya kahawia au mayai meupe ya kama milimita 1 vinatosha kukufanya uondoke. Usiinunue kwa nia ya kuianika: jua halifiki tumboni mwa sofa. Kuifungia stoo wiki mbili hakusaidii pia, kwa kuwa kunguni mkubwa hukaa miezi bila kula.

Yangu inalia kila mtu akijigeuza. (Mzee wa Kijitonyama)

Shikamoo, mzee. Mwambie kijana aifungue, akaze bolti zote, kisha zile zinazolegea tena abadilishe nati zake aweke zenye mviringo wa plastiki ndani. Hizo hazijifungui kwa mtikisiko. Pale chuma kinaposuguana na chuma, grisi kidogo. Usitumie mafuta ya kupikia, yananata na kuvuta mende. Kama mlio unatoka kwenye mbao, ni chaga zinazosugua fremu: gundishia vipande vya raba ya ndani ya tairi la baiskeli kwenye kila ncha.