Jibu: Kuacha kuhudhuria hakufuti uanachama

Ndugu, umeuliza kama kukaa miaka bila kuhudhuria kunakutoa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Hapana, kumbukumbu yako ya uanachama inabaki. Ukitaka kutoka rasmi, andika barua yenye jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, useme wazi kwamba unajiuzulu uanachama ("sitakuja tena" haitoshi), utie sahihi na umpe askofu wa kata yako (kiongozi wa kusanyiko lako la kanisa). Yeye huipeleka kwa rais wa kigingi, kiongozi wa kundi la kata kadhaa. Askofu anaweza kukutafuta mzungumze. Kama hutaki, liandike humohumo. Ukiituma moja kwa moja makao makuu, Salt Lake City, sahihi ithibitishwe kisheria kwanza. Tafakari hili kwa uzito: ubatizo, ukuhani na baraka za hekalu hubatilika, na ukirudi unabatizwa upya.