Una siku moja tu ya kuona kijiji cha Waingereza? Nenda Eyam, na utembee kwa miguu

Mleta uzi, umesema utakuwa kwa dada yako Sheffield wiki mbili, una siku moja ya kutoka, na unataka kijiji cha kale, siyo London. Wengi hapo juu wamekutajia vijiji vya kusini vyenye nyumba nzuri za kupigia picha. Mimi naishi Sheffield mwaka wa kumi na moja sasa, na nasema nenda Eyam. Hutamkwa "Iim". Nimeshakwenda mara tano, mara ya mwisho nikiwa na mama yangu aliyekuja kunitembelea kutoka Muheza.

Kuna basi linalofika kijijini kwenyewe, lakini kama magoti ni mazima panda treni ushuke Grindleford. Treni ikishaacha mji inaingia kwenye handaki la Totley, zaidi ya kilomita 5 za giza, na ukitokea upande wa pili unakuta vilima, kondoo, na kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Hapo uko ndani ya hifadhi ya taifa ya Peak District, ya kwanza nchini humo, iliyotangazwa 1951. Usifikirie Mikumi, humu watu wanaishi, wanalima na kufuga. Kila geti utakalofungua njiani, lifunge nyuma yako.

Sasa kwa nini Eyam. Mwishoni mwa Agosti 1665, London ikiwa inateketea kwa tauni, furushi la kitambaa lilitumwa kutoka huko kwa mshonaji wa kijiji. Kilifika kina unyevu, msaidizi wake George Viccars akakianika mbele ya moto, na inasimuliwa kwamba viroboto wenye tauni walikuwa mle ndani. Viccars alizikwa tarehe 7 Septemba. Ugonjwa ukapita nyumba kwa nyumba, ukapoa wakati wa baridi, ukarudi kwa nguvu majira ya joto.

Juni 1666 kasisi wa kijiji, William Mompesson, aliwaomba watu wasikimbie ili wasiupeleke ugonjwa kwa majirani. Alikuwa kijana wa miaka 28, hajamaliza hata miaka mitatu pale, na wengi hawakumpenda. Aliyemsaidia kukubalika ni Thomas Stanley, mchungaji wa zamani aliyekuwa ameondolewa kwa sababu alikataa kitabu kipya cha sala. Wawili hawa walitofautiana kwa imani na siasa, wakasimama pamoja. Vitabu vingi vya watalii vinamsifu Mompesson peke yake. Kwangu mimi Stanley anastahili sifa sawa naye, maana watu walikuwa wanamsikiliza yeye.

Wakakubaliana mambo matatu. Hakuna mtu kuvuka mpaka wa kijiji. Ibada zihamie nje, kwenye bonde la Cucklet Delf, kila familia ikisimama mbali na nyingine. Na kila nyumba ijizikie wafu wake, bila mazishi ya kanisani. Mwezi wa Agosti peke yake walikufa watu 78, akiwemo Catherine, mke wa Mompesson, ambaye kaburi lake liko uani kwa kanisa. Hadi Novemba 1666 jumla ilikuwa 260.

Ukifika kijijini, anza na kanisa la Mtakatifu Lawrence. Uani kuna msalaba wa jiwe wa karne ya 8, na ukutani kuna saa ya jua ya mwaka 1775. Karibu na hapo ndipo zilipo nyumba zenye vibao. Tembea polepole usome, maana kila kibao kina majina ya waliofia ndani ya nyumba hiyo, mmoja baada ya mwingine. Nyumba hizo zina wenyewe mpaka leo, mapazia yamefungwa na maua yako dirishani, kwa hiyo soma ukiwa barabarani na usichungulie. Mama yangu alisoma kila jina kwa sauti, kwa lafudhi yake ya Muheza, na mwenye nyumba mmoja aliyekuwa akipalilia bustani akasimama, akavua glavu, akangoja hadi amalize.

Jumba la Eyam Hall na mkatale wa zamani mbele yake utaviona ukipita. Makumbusho ni madogo lakini yana maelezo mazuri. Ingia kama mvua inanyesha.

Usiondoke bila kwenda kwenye jiwe la mpaka. Unakata shamba la kondoo kuelekea kijiji jirani cha Stoney Middleton, na hapo kuna jiwe kubwa lenye matundu sita. Watu wa Eyam waliweka sarafu kwenye matundu hayo, wakayajaza siki ili kuua sumu ya ugonjwa, na majirani wakaacha chakula na dawa kisha wakaondoka. Ingiza kidole uone matundu yalivyo laini. Mwaka 2020, wakati wa korona, nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Watoto wao walileta mifuko ya matunda, wakaiacha mlangoni, wakaenda kusimama nje ya dirisha wakipunga mkono. Nilipoliona jiwe hili baada ya hapo nililia, na sioni aibu kusema.

Halafu nenda Riley, juu ya kilima mashariki mwa kijiji, mwendo wa robo saa hivi. Katikati ya konde kuna kiukuta cha duara, na ndani yake makaburi ya familia ya Hancock. Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita ndani ya siku nane, kuanzia tarehe 3 Agosti 1666. Hakuna aliyekuja kumsaidia. Inasimuliwa kwamba alijifunga kitambaa mdomoni na kuwaburuta mmoja mmoja hadi kondeni, na watu wa Stoney Middleton walimwona kutoka ng'ambo wakiwa hawawezi kusogea.

Mama alihesabu mawe, akahesabu tena. Upepo ulikuwa mkali, akavua kitenge chake cha mabegani, akakaa kwenye majani nje ya ukuta kama anavyokaa mfiwa kwenye jamvi. Tulikaa pale karibu saa nzima. Kwa hiyo panga muda wako vizuri, uvae viatu vinavyovumilia tope, ubebe koti la mvua hata jua likiwaka, na uangalie ratiba ya basi la kurudi kabla hujaondoka, hasa Jumapili.

Kwenye basi mama aliniuliza, "Na yule mama mwenyewe alizikwa wapi?" Nikamwambia hakufa kwa tauni. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyebaki, anaishi mjini, akaondoka Riley akamfuata.

"Mji gani?"

"Sheffield," nikamwambia. Mama akageukia dirisha, na hakusema neno tena mpaka tulipoanza kuziona taa za mji.